Nyumba Iliyopakwa Uzee

Watu wa ufuoni walimwita Magofu, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa fundi mwashi wa makamo, mrefu, mwenye viganja vilivyoliwa na saruji hata vikawa laini kama kioo. Mafundi wengine hujisifia nyumba walizosimamisha. Sifa yake yeye ilikuwa nyingine: alijua kuujenga ukuta leo, na mwezi ujao ukuta huo ukaonekana una umri wa babu yako.

Ufundi huo hakuurithi wala hakuusomea. Aliletewa na sheria.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya, na hilo ndilo linalouma. Kuna mwaka ziwa lilifura, likapanda kwenye bustani za watu, likaingia vyooni, likatoka na vilivyokuwamo, na mji mzima ukayanywa maji hayo na kuugua. Wakubwa wakazinduka. Wakapiga marufuku ujenzi wowote mpya ndani ya mita sitini kutoka pale maji yanapofika ziwa likijaa. Matete yasikatwe, mchanga usizolewe, ufuo uachwe upumue. Mtu mwenye akili zake angesema ahsante. Lakini walioiandika waliiachia tundu moja, la huruma: nyumba iliyokuwapo kabla ya sheria haitabomolewa, na mwenyewe ataruhusiwa kuikarabati.

Basi ghafla kila mwenye gari kubwa akakumbuka kwamba ana gofu la marehemu babu yake karibu na maji.

Mteja alinunua kiwanja kitupu, chenye matete na vyura. Magofu alikwenda na mawe, akapandisha kuta nne fupi, kisha akaanza kuzizeesha. Alichanganya maziwa yaliyoganda na samadi, akayapaka upande wa ziwa, na mvua mbili tatu zikishapita kuvu iliota kijani kibichi. Alichoma nyasi mbichi mlangoni ili masizi yashike juu ya fremu. Misumari aliiloweka katika maji ya chumvi hadi ikavimba kutu. Mwisho alisimama upande wa jikoni, maana hapo ndipo penye nafasi ya kurusha mkono, akaipasua kona kwa nyundo: ufa mmoja wa mshazari, toka juu hadi chini. Mkaguzi alikuja, akausikitikia ukuta, akatoa kibali. Na gofu likakarabatiwa.

Lilikarabatiwa kweli. Daktari wa meno alikikarabati kibanda cha vyumba viwili, ambacho Magofu alikuwa amekimaliza majuzi tu, kikawa jumba la ghorofa tatu lenye roshani pande zote na bwawa la kuogelea. Bwawa, hatua chache kutoka ziwani, kama mtu anayekwenda mtoni na maji yake kwenye chupa. Kisha akafyeka matete ili aone mandhari. Matete yalipoondoka mawimbi yakaanza kumlia bustani, akamwaga malori ya mawe. Mawimbi yakayakwepa mawe, yakahamia kwa jirani. Akaandika gazetini kulalamika kwamba siku hizi hakuna anayejali mazingira.

Magofu aliwadharau wote. Aliwajengea kwa mkono wa kulia na kuwacheka kwa moyo wote. Aliwaona wakipiga picha mbele ya kuta alizozipaka samadi, wakiwaambia wageni, "Hapa ndipo ukoo wetu ulipoanzia," naye akiinama kuokota mwiko wake ili wasimwone uso. Dharau ilimshibisha kuliko mshahara. Hakujiuliza mtu anayeishi kwa kuwadanganya wajinga anaishi daraja la ngapi juu yao.

Aliyemdharau kuliko wote ni mkaguzi wa ufuo, waliyemwita Bwana Mita kwa ajili ya tepu ndefu iliyoning'inia kiunoni mwake kama panga. Wengi walidhani Bwana Mita anakula rushwa. Laiti. Mla rushwa walau anajua kwamba anachokiona ni uongo. Bwana Mita aliamini. Alikuwa ametolewa ofisi ya mbali na maji, hajapata kutazama nyumba kuukuu kwa makini maishani mwake, na darasa alilolikuta ufuoni lilikuwa kazi ya mikono ya Magofu. Alihitimu humo. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akialikwa kwenye semina kuwaeleza wenzake namna ya kutambua jengo la kale.

Sasa, ndani ya mita sitini hizo, nyumba moja tu ilikuwa ya zamani kweli, nayo ilikuwa ya mama yake Magofu.

Ilikuwa nyumba ya mawe, vyumba viwili na baraza. Baba yake, naye fundi mwashi, aliijenga kabla ya sheria, kabla ya lami, wakati ambapo kukaa karibu na maji ilikuwa dalili ya ufukara. Mama alikuwa dobi wa hospitali hadi alipostaafu. Maisha yake yote alipigana na damu, usaha na dawa ya rangi ya zambarau, na akashinda. Kwake doa halikuwa uchafu tu, lilikuwa tusi. Kila mwaka mvua ikikaribia aliipaka nyumba yake chokaa mwenyewe, akiwa amefunga kitambaa kichwani, na ndani ya ndoo alitia buluu kidogo, ileile ya kufulia mashuka, hata weupe wa ukuta ukawa unachoma macho. Sakafu yake nyekundu, nzi akitua huteleza. Majirani wa zamani waliuza viwanja wakaondoka mmoja mmoja, na karatasi zake za nyumba ziliozea sandukuni mwaka ule ziwa lilipofura. Yeye alibaki, mweupe katikati ya majumba, akisugua.

Halafu ukaja upepo. Uling'oa mabati ya upande wa chumba cha kulala, ukayabeba, ukayatupa ndani ya bwawa la daktari wa meno. Wafanyakazi wake walisema ndiyo mara ya kwanza kuona kitu kikiogelea mle.

Magofu angeweza kuezeka mchana mmoja. Lakini aliyegonga hata msumari bila kibali ndani ya mita sitini, nyumba yake ilipigwa alama nyekundu na tingatinga likaja.

"Tuombe kibali," mama alisema. "Sisi si wezi. Waje waone."

Wakaja, yaani akaja Bwana Mita. Aliizunguka nyumba, akapapasa ukuta, akakitazama kidole chake, cheupe. Akakunja uso.

"Mama yangu, nyumba hii umejenga lini?"

"Sikuijenga mimi. Aliijenga marehemu mume wangu, wewe hujaota meno."

"Naona." Bwana Mita alitabasamu kwa upole wa mtu asiyedanganyika. "Nyumba ya zamani ina dalili zake, mama. Upande wa ziwa huota kuvu. Juu ya mlango hushika masizi. Na kona ya jikoni, sijui ni upepo wa huku au ni nini, lazima iwe na ufa. Nimekagua nyumba za kale za ufuo huu wote, hakuna hata moja iliyokosa ufa kona ya jikoni. Wako uko wapi?"

"Ufa wa nini? Nimekwambia mume wangu alikuwa fundi."

"Basi ndiyo hivyo. Nyumba hii ni mpya."

Magofu, aliyesimama nyuma ya mama yake, alisogea mbele.

"Mkubwa," alisema, "mimi nimezaliwa humu ndani."

"Fundi, huyu ni mama yako, ungesema nini kingine? Tena ushahidi wa mdomo hatupokei siku hizi. Ng'ambo kule watu walikodi wazee wa kuapa. Tunaangalia jengo lenyewe. Jengo halina undugu na mtu." Akaifungua tepu, akapima kutoka ukutani hadi majini, akaikunja tena. "Nitarudi mwisho wa mwezi kuhakiki. Nikikuta hali ni hii hii, napiga alama. Unisamehe, mama. Sheria ni msumeno."

"Msumeno huo mbona ulipofika kwa daktari wa meno ulikuwa kibogoyo?"

Bwana Mita alijifanya anaitafuta kalamu yake. Akaaga kwa heshima zote.

Mama na mwana walibaki chumbani, kitanda kimesogezwa kwenye kona iliyobaki na bati, anga ikiwachungulia. Magofu alijua la kufanya tangu Bwana Mita aliposema neno kuvu. Kilichomshinda ni kulitamka.

"Mama, niachie mimi. Nitaipaka kidogo tu."

"Utaipaka nini?"

"Uchakavu."

Mama alikuwa akikunja shuka. Alilimaliza, akalilaza juu ya mengine, akayanyoosha kingo.

"Hebu nielewe. Nyumba ni ya zamani, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na wewe unataka kuichafua ili iseme kweli."

"Yule mtu haoni kingine, mama. Macho yake yamezoea vile."

"Yamezoeshwa na nani?"

Magofu alitazama sakafu nyekundu, akajiona humo, kichwa chini.

"Nilidhani wanakuita Magofu kwa kuwa unayafufua," mama alisema. "Watu wakiniuliza mwanao anafanya nini, nasema ni fundi, kamfuata baba yake. Kumbe nimezaa mpakaji matope."

"Hao matajiri wangejenga tu, mama. Nisingefanya mimi angefanya mwingine."

"Hata kinyesi, usipokikanyaga wewe atakikanyaga mwingine. Wewe ulikimbilia wa kwanza."

"Wataibomoa nyumba."

"Waibomoe ikiwa safi. Hata maiti huoshwa."

Mtu anaweza kubishana na wakili. Dobi aliyestaafu hana rufaa. Mawingu yalipoanza kujaa, dada yake Magofu, mshonaji wa mjini, alikuja kumchukua mama akakae kwake hadi jambo liishe. Mama alifungasha nguo zake, akafuta kizingiti kwa tambara, akamkabidhi mwanawe ufunguo.

"Nikirudi nisikute doa."

"Sawa, mama."

Alimdanganya mama yake kwa sauti ileile aliyowadanganyia wengine, tena bila kutaka. Sauti yenyewe ilijileta.

Mganga hajigangi, wanasema, lakini Magofu alijaribu. Alileta ndoo ya maziwa yaliyoganda na gunia la samadi, akasimama mbele ya ukuta wa ziwani na brashi mkononi, na kwa muda mrefu mkono ukakataa kuinuka. Weupe ule ulimtazama. Ulikuwa na tabaka juu ya tabaka, kila mwaka wa mama yake umelala juu ya mwingine, na mahali pengine ulionyesha mistari ya brashi yake, mifupi, ya mtu asiyefika juu. Akapaka. Pakapaka, kama mtu anayempaka masizi usoni mzazi aliyelala. Alichoma nyasi mlangoni, moshi ukapanda, juu ya mlango pakawa peusi. Kutwa nzima alifanya kazi aliyokuwa akiimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ikabaki kona ya jikoni.

Alipiga nyundo. Nyundo ikarudi, ikamtetemesha hadi begani. Akapiga tena, kikaruka kipande kidogo cha chokaa, ukuta ukabaki vilevile. Kuta zake yeye, alizokuwa akizijenga kwa ajili ya kuvunjwa, zilikuwa zikifunguka kama mkate. Huu baba yake aliujenga usifunguke. Hakuwa na ujanja wala nakshi yule mzee. Alichanganya saruji kama ilivyopasa, akayalaza mawe kama yalivyopasa, akaenda zake kula. Magofu alivua shati. Alipiga akitukana, na hakujua anayemtukana ni nani, hadi ufa ukaanza, mwembamba, kwa shingo upande.

"Fundi," sauti iliita kutoka juu. Daktari wa meno alikuwa ameegemea roshani ya ghorofa ya pili, amevaa joho la kuogea, kikombe mkononi. "Leo unajifanyia mwenyewe?"

"Najifanyia, dokta."

"Safi sana. Na hiyo kona usiionee huruma. Ndiyo inayompendeza yule mjinga."

Daktari akacheka. Magofu naye akacheka, kwa mazoea, kwani kwa miaka mingi walikuwa wakimcheka mjinga yule pamoja. Lakini kicheko kilimtoka kikavu kama makapi, na alipoinua macho akaona kwamba daktari hakuwa akiitazama ofisi ya Bwana Mita, ambayo haikuonekana kutoka pale. Alikuwa akimtazama yeye.

Mvua zikanyesha, kuvu ikaota. Iliota vizuri kuliko kwingine kote. Mwisho wa mwezi Bwana Mita akarudi, na kwa kuwa mwenye nyumba alitakiwa awepo, mama naye akaja, ameshikwa mkono na binti yake. Walitelemka kutoka barabarani. Mama alipofika penye mlango alisimama. Alikwenda ukutani, akagusa kwa ncha ya kidole, akaunusa, kisha akaufuta mkono wake kwenye khanga, taratibu, kidole kwa kidole.

Bwana Mita alikuwa anang'ara.

"Mama yangu, nikuombe radhi. Hii ni nyumba ya kale. Tena ya kale sana."

"Huu ni uchafu wa mwanangu," mama alisema. "Nyumba yangu ilikuwa nyeupe. Uliiona kwa macho yako."

Magofu aliona tingatinga likipita mbele ya macho yake, likipita kwa mama yake, kisha kwa daktari, kisha ufuo mzima. Dada yake alimfinya mama mkono. Bwana Mita alitikisa kichwa kwa huruma.

"Niliiona, mama. Kilichokuwa kinanipoteza ni ile chokaa. Mvua imeiosha, uzee umejitokeza. Ndiyo maana tunakuja mara mbili. Kazi hii inataka subira."

"Nusa, mwanangu. Ni maziwa haya."

Bwana Mita aliunusa ukuta, kwa heshima ya umri wa mama. Akafumba macho kidogo kama mtu anayeonja.

"Harufu ya kale ndiyo hii, mama. Nyumba zote za zamani za ufuo huu zinanukia hivi."

Hapo mama alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza siku ile. Kama angemkasirikia, Magofu angejua la kufanya. Alimtazama kama alivyokuwa akilitazama shuka la hospitali, lile lililomshinda hata yeye, alilokuwa akiligeuza huku na huku, kisha akaliweka kando.

Kibali kiliandikwa papo hapo. Kulikuwa na jambo moja, Bwana Mita alieleza huku akigonga muhuri. Wakubwa walipita na boti, wakaona ghorofa zilivyozidi ufuoni, wakauliza ukarabati gani huu unaozaa roshani. Kwa hiyo kuanzia mwezi huo masharti yamekazwa. Wenye ghorofa zao walishamaliza, hao hawahusiki. Lakini kibali kipya kinaruhusu kurudisha kilichoharibika tu, paa kwa paa, na mwonekano wa nje ubaki kama ulivyokaguliwa. Kuta zisipakwe chochote.

"Hata chokaa?" mama aliuliza.

"Hasa chokaa, mama. Tukikuta imepakwa, kibali kinakufa, na nyumba nayo. Tunahifadhi historia."

Alipokwisha kuondoka, na tepu yake ikimgonga pajani, walibaki watatu uani. Magofu alianza kusema maneno mengi, kwamba ndani mama anaweza kupaka atakavyo, kwamba atapanda maua ya kutambaa yafunike, kwamba la muhimu nyumba imepona. Mama alimwacha amalize.

"Imepona," alisema. "Kaa nayo."

"Mama, ni nyumba yako."

"Yangu aliijenga baba yako. Hii umeijenga wewe."

Akamwambia binti yake amshike mkono, maana kilima kilikuwa kinateleza. Vyombo vyake vilifuatwa baadaye na gari dogo la mizigo: kitanda, kabati, pasi ya mkaa, beseni zake zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Magofu ndiye aliyevibeba hadi garini. Dereva alimuuliza kama wanahamia pazuri zaidi.

Aliezeka paa, paa kwa paa kama kibali kilivyosema, akahamia. Kila Jumapili alikwenda kwa dada yake, akapewa chai, mama akamuuliza habari za afya na habari za kazi, akamjibu, akaaga. Habari za nyumba hakuulizwa. Kazi nayo ilikuwa imepungua. Kwa masharti mapya nani angenunua gofu ambalo lazima libaki gofu? Daktari wa meno alipompita barabarani siku hizi alimpungia mkono kwa vidole viwili tu, kama apungiwavyo mlinzi.

Baadaye Bwana Mita alikuja na wakaguzi wanafunzi, kundi zima, wamevaa buti mpya. Alikuwa ameiteua nyumba ile kuwa ya mfano. Aliwazungusha, akawaonyesha kuvu, akawaonyesha masizi, kisha akamwita Magofu atoke ndani.

"Waeleze, fundi. Nyumba hii ni ya lini?"

Magofu aliwaeleza. Alisema baba yake aliijenga kwa mikono yake kabla ya sheria, kabla ya lami. Kwamba yeye mwenyewe alizaliwa katika chumba kile cha upande wa kulia. Kwamba hakuna jengo lingine ufuoni lililo na haki ya kuwa pale. Kila neno lilikuwa kweli. Alilisikia kila moja likitoka kinywani mwake limekwisha chakaa, kama kitu alichokipaka mwenyewe, na hata yeye hakuliamini.

Wanafunzi waliandika. Bwana Mita akawapeleka kona ya jikoni, wakajipanga, kila mmoja akaingiza kidole ndani ya ufa kwa zamu yake.

"Na mwenye nyumba ni nani?" msichana mmoja aliuliza, kalamu tayari.

"Ndiye huyu," Bwana Mita alisema.

Magofu hakubisha.